Pumzi ya Kuridhika

Jumatatu, 13 Januari

Baridi ya kukata masikio. Studio tupu. Hata paka wa bazaar hakuja kuota moto.

Burulcha kaniwekea siku. Jumapili. Anasema Jumapili asubuhi anapanda teksi kwenda Bishkek kukaa kwa binti yetu Nurzat na kulea mjukuu, niende naye au nisiende. Kasema hivyo huku anakanda unga, bila kuniangalia. Nikamjibu kuwa mpiga picha wa kwanza wa Naryn haondoki Naryn. Angeondoka, mji ungebaki na nani? Na Orozaly?

Alishusha pumzi. Ndefu, ya kutoka tumboni. Jikoni kulikuwa na baridi, kwa hiyo niliiona kwa macho yangu: wingu jeupe likamtoka mdomoni, likapanda, likaizunguka taa, likapotea.

Hapo hapo nikapata wazo! Nilisahau hata chai.

Pumzi! Nyumba ya Utamaduni wametangaza maonyesho ya picha, mada yake Roho ya Milima, mwisho wa kupeleka ni Jumatatu ijayo. Picha itakayoshinda inatundikwa ukumbini mwaka mzima. Orozaly, mwenye studio ile ya vioo upande wa pili wa bazaar, atapeleka mlima na tai. Kila mwaka mlima na tai, ila siku hizi tai anapigwa na droni. Mimi nitapeleka pumzi ya binadamu. Pumzi ya uchovu, ya majuto, ya mapenzi, ya mtu aliyevua viatu vinavyombana. Nani mwingine duniani amewahi kufikiria? Hapa kwetu baridi yenyewe inaichora, mimi ni kubonyeza tu.

Nitashinda. Burulcha ataniona niko ukutani. Mke gani anamwacha mume aliyetundikwa ukumbini?

Nimeanza kuziainisha. Ile ya leo ya Burulcha nimeiandika: kuridhika. Ameona mume wake ana msimamo.

Jumanne, 14 Januari

Mteja! Kalyipa apa, mama Kalyipa tunavyomwita kwa heshima, bibi jirani wa ng'ambo ya barabara. Kaja kupigwa picha ya jiwe. Anataka picha yake ya kuchongwa kaburini iwe tayari mapema maana hawaamini wanawe. Anasema mwaka juzi mzee mmoja alichongwa kwa picha ya leseni ya trekta, sasa amelala pale na uso wa mtu aliyekamatwa.

Kajipanga hasa. Kilemba cheupe, koti la mahameli, na medali yake ya Kisovieti ya kuzaa watoto wengi. Masharti katoa mwenyewe. Mdomo ufungwe, hana meno ya kuonyesha watu. Macho yawe wazi kabisa, wake za wanawe wajue kuwa bado anawaona.

Nikamkalisha dirishani, nikafungua dirisha ili pumzi ionekane. Akauliza nataka kumpiga picha au kumzika leo leo. Nikamwambia ni mambo ya mwanga.

Pumzi haikuja. Nikamtajia marehemu mumewe, labda ataugulia. Akacheka! Akaanza kunisimulia ya kwangu mimi, mwaka ule barafu ya mto iliponivunjikia. Burulcha alikimbia kando ya mto akipiga mayowe, "Baba Nurzat anazama! Baba Nurzat anazama!" Madereva wageni waliokuwa na kamba wakamuuliza, mama, anaitwa nani huyo, tumwite aishike! Hakusema. Alizunguka pale akilia, analitafuta jina kila mahali isipokuwa mdomoni. Kalyipa apa mwenyewe ndiye aliyeliita.

Bibi alicheka mpaka medali ikagonga vifungo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mke wa kufundwa halitaji jina la mumewe. Zaidi ya miaka thelathini Burulcha hajalitamka langu, mbele yangu wala nyuma yangu. Ni kweli nilikuwa nazama, lakini heshima ni heshima.

Halafu bibi akaacha kucheka. Akamkumbuka ng'ombe wake, nani atamkamua kwa upole kama yeye. Akafumba macho, akaachama, akashusha pumzi. Loo! Wingu zima! Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka filamu ikaisha.

Akauliza kama tayari. Nikasema tayari. Akauliza kama mdomo ulikuwa umefungwa. Nikasema, apa wangu, kila kitu kiko sawa. Kwa upande wa sanaa sikusema uongo.

Alhamisi, 16 Januari

Kalyipa apa amefariki juzi usiku. Usingizini. Naandika, mkono mzito.

Burulcha amelia siku nzima. Kalyipa apa ndiye aliyempokea alipoletwa hapa bibi harusi, akamfundisha kuwasha jiko letu lenye kiburi. Aliniomba leo nikae naye nyumbani kidogo, asubuhi tu, kabla hajaenda kukaa na wanawake wenzake. Nikamwambia nina kazi msibani. Akashusha pumzi. Kuridhika, tena na fahari kidogo: mume mtu wa watu.

Kazi gani? Jurta ya msiba, lile hema la duara la sufu, ilikuwa imeshasimamishwa uani kwao. Ndani wanawake wanaimba maombolezo, nje wanaume wamejipanga wanalia kwa sauti, na baridi ile! Kila kilio wingu. Pumzi za majonzi safi, bure, kwa safu! Nikaificha kamera chini ya koti, nikaishika kiunoni kwa mikono miwili isipate baridi.

Kosa langu ni hilo. Kwa mila yetu anayefika msibani anakuja analia, ameshika kiuno. Nami nilikuwa nimeshika kiuno. Nikaona aibu kuja kimya, nikalia. "Mama yangu weee! Mlima wangu weee!" Sijui nilitoa wapi. Nadhani nilimlilia kweli. Sauti ikapasuka, wakaniona ni mtu wa ndani kabisa. Mtoto wake mkubwa, Abdyldabek, akanikumbatia, akanifunga mshipi wa kiunoni wa wafiwa, akanipa fimbo ya kuegemea, akanisimamisha katika safu ya watoto wa marehemu!

Nilisimama pale kutwa. Kila kundi likija, tunalia upya. Nikikumbatiwa, kamera inaniingia mbavuni. Mzee mmoja kutoka At-Bashy akasema sikujua Kalyipa alikuwa na mtoto huyu, anafanana na baba yake. Jioni nikatoa kamera nyuma ya zizi. Imeganda. Kifungo hakibonyezeki. Sikupata picha hata moja.

Nikarudi na fungu la nyama la kwenda nalo nyumbani, fungu la mtoto wa marehemu. Burulcha akauliza nimepewaje fungu hilo. Nikamweleza. Aliweka nyama mezani, akakaa. Hakushusha pumzi, na mimi nilikuwa nimejitayarisha.

Jambo jingine. Nimesoma tena tangazo. Mshindi anatangazwa Jumamosi ya tarehe 25. Burulcha anaondoka tarehe 19. Kasoro ndogo. Nitaitafutia dawa.

Ijumaa, 17 Januari

Dawa imepatikana! Nimesafisha filamu ya Kalyipa apa. Nimekaa chumba cha giza na taa nyekundu, nikamwona anatokeza kwenye maji ya dawa, kwanza medali, halafu kilemba, halafu lile wingu. Nikatokwa na machozi. Ni picha bora niliyowahi kupiga. Nikasema Burulcha akiiona hii ataelewa, hatangoja tarehe 25.

Nikamwonyesha. Akaiangalia muda mrefu. Akauliza ile nyingine iko wapi. Nikamuuliza nyingine ipi. Ya jiwe, akasema. Macho wazi, mdomo umefungwa. Alinieleza alivyotaka, akasema, alinieleza akiwa kwenye kile kiti chetu, alikuwa amefurahi.

Nikamwambia nyingine haipo.

Kabla hajajibu, hodi! Abdyldabek, amefuata picha ya mama yake, mchonga mawe anaisubiri. Nikampa. Nikamweleza kwamba yuko pale pale, Kalyipa apa mwenyewe, anapumua, mpiga picha gani amewahi kumrudishia mtu pumzi ya mama yake? Akaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Turdakun baike, kaka yangu, umemchinja." Akasema anaonekana kama anakata roho. Akasema jana alinifunga mshipi kama ndugu yake. Halafu akashusha pumzi, akatoka bila kufunga mlango. Nimeiandika pumzi ile: mshangao mbele ya sanaa.

Baadaye nimesikia wameenda kwa Orozaly. Alimpiga picha Kalyipa apa kwenye harusi moja msimu wa vuli uliopita, macho wazi, mdomo umefungwa. Bahati tu! Mtu anapiga kila kinachopita mbele yake, lazima siku moja kipite kinachofaa.

Na picha yangu siwezi kuipeleka kwenye maonyesho. Burulcha kanikataza. Kasema nikiipeleka, Jumapili haingojwi, anaondoka leo. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile.

Jumamosi, 18 Januari

Sina picha. Filamu imebaki moja. Yaani nimezungukwa na pumzi za kila namna na sina picha hata moja ya kupeleka!

Asubuhi nikatega mtego. Nikafungua dirisha la jikoni ili kuwe na baridi, nikajificha nyuma ya pazia, kamera tayari. Nilikuwa nimeweka mezani kanzu ya marehemu mama yake. Aiguse, aikumbuke, ashushe pumzi, nibonyeze. Burulcha akaingia. Akafunga dirisha. Akaikunja kanzu, akaitia kwenye begi lake. Akasema, "Baba Nurzat, viatu vyako vinaonekana."

Mchana akaja mwenyewe studio. Sikumwita! Alikuwa ameosha nywele, amevaa ile shali ya buluu aliyoletewa na Nurzat. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani, akasema anataka tupige picha. Sisi wawili. Niitege kamera ijipige, nikimbie nikae kando yake. Kasema tangu siku ya ndoa hatujapigwa pamoja, na ile ya ndoa niliitega vibaya nikakata kichwa cha shemeji na nusu ya bega lake yeye. Anataka moja ya kwenda nayo, au ya kubaki nayo hapa, itategemea.

Sikumuuliza itategemea nini. Nilikuwa naangalia mwanga. Ulikuwa unamwingia shavuni vizuri mno. Nikamwambia sawa, tutapiga, ila filamu ni hii moja, basi kwanza anishushie pumzi kidogo, pale dirishani, nikishapata ya maonyesho tutaona kama kinabaki kipande cha sisi wawili.

Alinitazama. Macho yake yalijaa, nikafurahi, nikajua sasa inakuja. Nikaweka jicho kwenye kamera. Nilipotazama kwenye kioo, ni kiti tu.

Shali aliiacha kwenye kiti. Nimeitundika. Inafaa kuwa pazia la nyuma kwa picha za watoto.

Jumapili, 19 Januari

Ameondoka. Chumba kina baridi, moto nimewasha mara mbili unazimika. Jiko hili lilimzoea yeye.

Niandike ilivyokuwa. Tulishuka mpaka kituo cha teksi pale bazaar, mimi nimebeba begi, kamera chini ya koti. Jana usiku nilikuwa nimelifikiria jambo vizuri nikaona kumbe sina haja ya kuhuzunika. Kuagana! Pumzi kubwa kuliko zote ni ya kuagana! Atapanda, ataniangalia, atashusha pumzi, na mimi nitakuwa tayari. Kesho napeleka picha, nashinda, anarudi. Mambo yote yananyooka.

Burulcha alisimama mlangoni mwa teksi muda mrefu. Dereva akamwambia panda mama, nafasi zako mbili hizo za nyuma, tuondoke. Nikamwambia Burulcha afadhali umechukua mbili, begi lina nafasi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sina neno la kusema. Nilikuwa nalo. Nikamwambia akae upande wa jua.

Akapanda. Nikatoa kamera, na lenzi yote ukungu! Joto la koti, baridi ya nje, kosa la mwanafunzi. Nikaanza kuipangusa kwa kitambaa. Naipangusa, naipangusa, injini inanguruma. Na hapo nikamwona farasi.

Farasi wa kuvuta makaa, mzee, amefungwa kwenye mkokoteni upande wa pili wa barabara. Akashusha pumzi. Ee Mungu! Mawingu mawili, moja kila pua, jua linapita katikati! Roho ya Milima yenyewe! Nikageuka, nikapiga goti.

Nyuma yangu mwanamke akaita, "Turdakun!" Halafu tena, kwa nguvu, sauti inakatika, "Turdakun! Weee Turdakun!"

Sikugeuka. Burulcha hawezi kuniita hivyo. Kama hakuniita nilipokuwa chini ya barafu, ataniitaje mbele ya madereva? Nikajua ni Turdakun mwingine. Wako wengi, yupo hata muuza ndoo. Nilimhurumia kidogo bwana huyo, ana mke asiyejua adabu, anamtangaza bazaar nzima. Nikabonyeza. Farasi akashusha tena, nikabonyeza tena.

Nilipogeuka teksi ilikuwa inapinda kwenye kona ya msikiti. Begi lilikuwa limefungwa juu ya buti la gari. Kile kiti kando ya Burulcha kilikuwa kitupu. Madereva wa siku hizi hawana akili, wanaondoka na kiti kitupu safari yote hiyo.

Orozaly naye alikuwepo, na kamera yake shingoni, sijui anapiga nini pale. Akanijia, akanishika bega, akasema, "Baike, kimbia, watasimama pale kwenye kituo cha mafuta, utaiwahi." Nikamwambia wala asijisumbue, najua mbinu yake, anataka niondoke mjini abaki peke yake. Akashusha pumzi. Wivu. Nimeiandika kabla hata sijafika nyumbani.

Jumapili, 26 Januari

Sikuandika wiki nzima. Sikuwa na la kuandika. Nakula mkate mkavu na jibini. Naamka nasikia mtu anakanda unga, kumbe ni ubao wa dirisha.

Jana walitangaza. Kashinda Orozaly.

Si mlima, wala si tai. Ni mimi!

Nimepigwa picha kituoni siku ile. Nimepiga goti barabarani, kamera mkononi, uso umekunjuka kwa furaha, naangalia kitu kilicho nje ya picha. Nyuma yangu teksi. Dirishani Burulcha, nusu ya mwili iko nje, mkono ameunyoosha kunielekea, mdomo wazi, na wingu la pumzi limetoka limemfunika mpaka kifuani. Kando yake kiti kitupu. Orozaly kaipa jina: Anaitwa.

Watu wamejaa mbele yake. Wanafika wanaongea, wakiiangalia wananyamaza, halafu mmoja baada ya mwingine wanashusha pumzi. Ukumbi ulikuwa na joto, kwa hiyo hazikuonekana, lakini nilizisikia zote. Nilisimama pembeni naziainisha. Uchovu. Viatu vinabana. Mama mmoja alifuta macho kwa ncha ya kilemba: mafua. Wengine wakanitambua, wakauliza nilikuwa naangalia nini siku ile. Nikawapeleka kuona. Farasi wangu ametundikwa njia ya kwenda chooni. Wakamwangalia, wakaniangalia mimi. Abdyldabek alikuwepo. Alinishika mkono, akaondoka.

Niseme kweli kama mtu wa kazi: picha ya Orozaly ina kasoro. Kamkata dereva sikio. Na kusema kweli nilisikitika pia. Pumzi ya Burulcha, ile niliyoitafuta wiki nzima, imetoka, nzuri, kubwa, na mimi nimegeukia upande mwingine. Na filamu ilikuwa na vipande vimebaki! Linaniuma sana hilo. Nikilala naliona.

Jioni simu. Burulcha, kutoka kwa Nurzat. Picha imeshafika kwenye simu za watu huko. Nikasikia mjukuu anagonga sahani. Halafu akaniuliza kama siku ile nilisikia. Nikamwambia nilisikia mwanamke fulani anaita Turdakun, Turdakun, hana hata haya, nikaona si wewe, wewe umefundwa.

Kimya. Nikadhani imekatika. Halafu akasema mtoto ameanza kusimama. Akasema kule kuna dirisha kubwa linaloingiza mwanga, chumba cha nyuma kitupu, hakijawekwa kitu. Akashusha pumzi.

Jamani, pumzi ile! Ndefu, inapanda ngazi, inasimama katikati, inashuka peke yake. Sijawahi kusikia ya namna hiyo. Nikamwambia Burulcha, usishushe nyingine! Ngoja! Nenda kwenye hilo dirisha kubwa, lifungue baridi iingie, mpe Nurzat simu akupige, halafu ishushe tena vile vile. Mwakani maonyesho ni ya rangi!

Simu ikakatika. Mtandao wa Bishkek siku zote mbovu. Nilipiga tena mara nyingi, haikupokewa.

Nimeiandika: kuridhika.